BOTI INAINGIZA MAJI? TAFUTA TUNDU KWANZA, LAMI BAADAYE



Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa kabisa. Lakini hakuna anayetuambia ufa tunautafutaje, na hapo ndipo hela nyingi zinapotea. Leo nataka tuongee kuhusu boti inayoingiza maji: namna ya kujua maji yanapitia wapi kabla hujamwita fundi na kabla hujanunua hata kopo moja la lami.

Najua kuna mtu atauliza, "Moshi na boti wapi na wapi?" Ndugu yangu, ukisema Moshi watu wanafikiria kahawa, ndizi na wageni wa mlimani. Lakini pita sokoni asubuhi uone perege wanavyogombaniwa. Shuka kusini mwa mji uende Bwawa la Nyumba ya Mungu, pale mto Kikuletwa na mto Ruvu inapokutana. Lile bwawa lilijengwa miaka ya 1960, linafua umeme, na kuna familia nyingi za Mwanga, Moshi Vijijini na Simanjiro zinakula kwa sababu yake. Kwetu wachuuzi wa samaki lile ndilo duka la jumla, na boti ndiyo mlango wa duka.

Mimi nanunua samaki kule na kuuza Moshi mjini. Boti moja ya mbao naimiliki nusu kwa nusu na shemeji yangu: yeye anavua, mimi natafuta soko. Kwa hiyo boti ikilala nchi kavu, nyumba mbili zinalala njaa. Haya ninayoandika tumeyafanya kwa mikono yetu.

KWANZA TUHESABU HASARA

Watu wanazoea maji kwenye boti. Mtu anakaa nyuma na kopo, anachota, anamwaga, maisha yanaendelea. "Boti zote zinavuja bwana." Hebu tupige hesabu.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo kumi za lita 20 ni kilo 200. Hao ni watu wazima watatu wamepanda boti yako, hawavui, hawalipi nauli, na mashine inachoma petroli kuwabeba. Halafu yule anayechota maji ni mkono mmoja ambao hauvuti nyavu.

Na usidharau tundu dogo. Tundu lenye upana wa sentimita moja, unene wa kidole chako kidogo hivi, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, linaingiza karibu lita 7 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika tatu. Kwa saa moja ni kama ndoo ishirini. Sasa upepo wa mchana ukianza bwawani, na boti ina watu wanne na samaki, hapo hatuongelei tena hasara ya mtaji. Tunaongelea roho za watu.

KOSA LA KAWAIDA: KUZIBA PENYE MAJI

Maji hayakai pale yalipoingilia. Yanatiririka mpaka sehemu ya chini kabisa ya boti, na kwa boti nyingi zenye mashine sehemu hiyo iko nyuma. Tundu linaweza kuwa mbele kabisa, na wewe ukaona dimbwi nyuma, ukapaka lami nyuma. Kesho maji yamerudi palepale.

Huku mlimani wazee wetu walilijua hili zamani. Maji ya mfongo yakipungua kihambani, mzee hakai anaangalia migomba inavyonyauka. Anachukua jembe, anaufuata mfongo kwenda juu, hatua kwa hatua, mpaka aone penye tope mahali pasipostahili. Boti ni hivyohivyo. Ufuate mfongo.

HATUA YA 1: HAKIKISHA KWELI INAVUJA

Kuna maji yanaingia kwenye boti bila tundu lolote. Yaondoe hayo kwanza kwenye orodha.

Mvua. Boti iliyolala wazi usiku wa masika itaamka na maji. Ifunike na turubai usiku mmoja, asubuhi uangalie.

Mawimbi. Boti iliyojaa sana ina ukingo mfupi juu ya maji, kila wimbi linaacha zawadi. Pia ukizima mashine ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufuata na kuruka juu ya ubao wa nyuma. Hapo dawa ni kupunguza mzigo na kupunguza mwendo taratibu.

Barafu. Hili wengi hawalifikirii. Ukipakia kilo 50 za barafu na ikayeyuka yote, umepata lita 50 za maji, ndoo mbili na nusu, bila tundu hata moja. Weka barafu kwenye kasha lisilovuja na uone tofauti.

Nyavu. Nyavu zilizotoka majini zinadondosha maji njia nzima.

Wenzetu wa baharini wana bahati, wanaonja tu: maji ya chumvi yametoka chini, maji baridi yametoka juu. Bwawani yote hayana chumvi, kwa hiyo tunategemea turubai na macho.

HATUA YA 2: PIMA MARA TATU

Hii ndiyo siri yenyewe. Haihitaji fundi, inahitaji ndoo, saa na daftari.

Kausha boti kabisa kwa kitambaa. Halafu:

(a) Ifunge gatini ikiwa tupu, iache saa mbili. Chota maji, hesabu, andika.

(b) Kausha tena. Pakia uzito wa siku ya kazi. Tumia viroba vya mchanga badala ya samaki, na watu wakae wanapokaa siku zote. Saa mbili tena, bado imefungwa. Chota, hesabu, andika.

(c) Kausha tena. Nenda nayo mwendo wa kazi, ukiwa na mzigo uleule, karibu na ufukwe, jaketi za kuokolea zimevaliwa. Nusu saa inatosha. Chota, hesabu, andika.

Sasa soma daftari lako:

Ikivuja ikiwa tupu na imetulia: tundu liko chini, sehemu ambayo daima imezama. Angalia maungio ya mbao za chini, ule ubao mnene wa katikati (mkuku), misumari, na kizibo cha kutolea maji kama boti yako inacho.

Ikiwa kavu wakati tupu, lakini ikavuja ilipobebeshwa mzigo: tundu liko juu kidogo. Liko kwenye ule ukanda unaozama tu boti ikiwa na uzito.

Ikiwa kavu imetulia hata na mzigo, lakini ikavuja ikitembea: angalia nyuma. Mashine ikisukuma, mbele kunanyanyuka na nyuma kunazama. Matundu ya bolti za mashine, nyufa za ubao unaobeba mashine, na maungio yanayofunguka boti inapojipinda kwenye mawimbi, hao ndio watuhumiwa.

Na kwa wale wenye boti za injini ya ndani, kama zile za kuvuta watu wanaoteleza majini kwa kujifurahisha, ongeza watuhumiwa wawili: pale shafti ya panga inapotokea chini ya boti, na mipira inayoleta maji ya kupozea injini. Kama maji yanaongezeka tu injini ikiwa inanguruma, hata boti ikiwa imefungwa, anza na hiyo mipira. Na pale kwenye shafti, boti nyingi zina kamba za kuzuia maji ambazo zimetengenezwa zidondoshe tone moja moja shafti ikizunguka. Matone machache ni kawaida, mchirizi si kawaida.

HATUA YA 3: CHORA MISTARI MIWILI

Chukua chaki. Boti ikiwa tupu majini, weka alama pale maji yanapogusa ubavuni, mbele, katikati na nyuma. Pakia mzigo, weka alama nyingine. Ukiivuta nchi kavu na kuunganisha alama, umepata mistari miwili kuzunguka boti.

Kama jibu lako lilikuwa (a), tafuta chini ya mstari wa chini. Kama lilikuwa (b), tafuta kati ya mistari miwili, upana wa kiganja tu. Badala ya kukagua boti nzima ya futi ishirini, unakagua ukanda. Hapo umeokoa siku nzima na fedha ya lami.

HATUA YA 4: UNGA NA MAJI

Ndani: boti ikiwa imeoshwa na kukauka, nyunyiza unga mkavu au chaki iliyosagwa kwenye sehemu unayoishuku. Irudishe majini ikiwa na mzigo. Maji yakipenya yanachora mstari kwenye unga. Ufuate ule mstari kwenda juu mpaka unapoanzia. Usiangalie unapoishia.

Nje: iweke boti nchi kavu juu ya matairi ya zamani au viroba vya mchanga, sawasawa, isilalie upande mmoja. Mimina maji ndani, halafu zunguka nje uangalie panapotoa jasho. Zungushia chaki.

TAHADHARI: usiijaze. Boti yenye sakafu ya mita 5 kwa mita 1.2, ukiiwekea maji ya sentimita 10 tu, umeiwekea kilo 600. Majini boti inabebwa na maji kila upande, nchi kavu inabebwa na matairi yako tu. Ukizidisha utapasua boti nzima kwa sababu ya tundu moja. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu yanatosha.

YALIYOTUKUTA SISI

Boti yetu ilianza kuingiza kama ndoo nane kwa safari. Fundi mmoja akaja, akapaka lami chini yote, akachukua hela yake. Wiki ya pili ndoo nane. Akaja mwingine, akasema wa kwanza hakufanya vizuri, akapaka lami juu ya lami. Ndoo nane. Yule wa pili akatuambia mbao zimeoza, tununue boti nyingine. Shemeji akaanza kukubali. "Shemeji," akaniambia, "tuiuze tu hata kwa bei ya kuni." Na kumbuka ule ndio mtaji wetu wote, ada za watoto zinatoka mle.

Nikamwomba siku mbili kabla ya kutafuta mteja. Tukaifunga tupu, turubai juu. Saa mbili, kavu. Tukaiacha mpaka asubuhi, bado kavu. Tukaitoa nchi kavu, tukamimina maji ndani, chini hakuna hata tone. Maana yake nini? Mbao za chini ni nzima, na lami yote ile ilipakwa kwenye sehemu isiyo na ugonjwa.

Tukaipakia viroba. Maji yakaanza kidogo. Tukawasha mashine, yakaongezeka. Kwa hiyo tundu liko kati ya mistari miwili, na liko upande wa nyuma. Tukanyunyiza unga kwenye ubao wa mashine kwa ndani. Robo saa haikuisha, michirizi miwili imeshuka kutoka chini kidogo ya mashine.

Kumbe mwenye boti wa zamani alikuwa na mashine nyingine ndogo. Alipoibadilisha, matundu ya bolti za zamani yalijazwa kitu laini na kupakwa rangi juu. Boti ikiwa tupu, matundu yako vidole vinne juu ya maji, hayavuji. Ikibeba watu na samaki, yanazama. Ikitembea, yanazama zaidi. Mafundi wote wawili waliikagua ikiwa tupu, nchi kavu, wakitazama chini.

Tukayatoboa upya mpaka kwenye mbao safi, tukapiga vijiti vya mti mgumu vilivyopakwa gundi ya majini, tukavikata sawasawa na ubao, tukapaka rangi pande zote. Kisha tukarudia vipimo vyote vitatu. Kavu, kavu, kavu. Gharama yake haikufika hata nusu ya hela ya lami ya kwanza.

BOTI YA MBAO ILIYOKAA JUANI

Hapa panahitaji subira. Kule bwawani jua ni kali, si kama huku juu Marangu au Kibosho. Boti ya mbao ikikaa nchi kavu wiki kadhaa, mfano wakati uvuvi umesimamishwa au bwawa limepungua, mbao zinakauka, zinasinyaa, na maungio yanafunguka. Ukiirudisha majini itavuja kila mahali kama kapu. Usipanike na usikimbilie fundi.

Iache majini sehemu ya kina kifupi, imefungwa, siku moja mpaka mbili au tatu, ukichota maji. Mbao zinanywa maji, zinavimba, zinabanana zenyewe. Ukiona ndoo zinapungua kila siku kwenye daftari, boti inajitibu. Kama siku ya tatu ndoo ni zilezile, hapo lipo tundu la kweli, anza vipimo.

Na sikiliza hili: ukijaza maungio kwa nguvu mbao zikiwa zimekauka sana, zikija kuvimba hazina pa kwenda. Zinasukumana, misumari inalegea, na umejitengenezea uvujaji mpya. Mafundi wa pwani wanaokalafati majahazi wanapenyeza pamba yenye mafuta kwa kipimo, hawashindilii kama gunia la mahindi.

BOTI YA FAIBA NAYO

Faiba haivimbi, kwa hiyo usisubiri ijitibu. Anza na kizibo cha kutolea maji: oringi yake ikikauka au mchanga ukiingia kwenye nyuzi za kizibo, maji yanapita. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho wa kwanza kusahauliwa. Baada ya hapo angalia kila mahali palipotobolewa kwa bolti, halafu chini panapoburuzwa kwenye mawe na mchanga. Pia gonga kwa mpini wa bisibisi: sehemu nzima inalia kwa ukavu, sehemu iliyonyonya maji ndani inalia bubu.

UNAPOZIBA

1. Ziba kutokea nje kila inapowezekana. Maji yanasukuma kuja ndani, kwa hiyo kiraka cha nje kinagandamizwa na cha ndani kinabanduliwa.

2. Kausha kwanza. Lami, gundi na rangi havishiki kwenye mbao mbichi.

3. Ziba kitu kimoja, pima, ndipo uzibe kingine. Ukiziba kumi kwa mpigo hutajua lipi lilikuwa tatizo, na mwakani utaanza upya.

4. Bolti iwe na raba na washa pande zote. Kukaza tu bila raba ni kuahirisha.

UKINUNUA BOTI ILIYOTUMIKA

Muuzaji mjanja atakuonyesha boti tupu, imetulia, rangi mpya inang'aa. Mwambie, "Mkuu, tupakie viroba tuzunguke nusu saa." Akikataa, umeshapata jibu. Angalia pia kama rangi mpya iko sehemu moja tu, hasa kuzunguka mashine. Na boti ya biashara iwe na usajili na ukaguzi wake. TASAC ndio wanaosimamia vyombo vidogo vya majini, kwa hiyo mwombe muuzaji karatasi kabla hujatoa hela.

LA MWISHO

Wakati unatafuta tundu, usiipeleke katikati ya bwawa. Jaketi za kuokolea ziwe za idadi ya watu, si za idadi ya wenye bahati. Ndoo mbili na kopo viwe ndani ya boti kila siku, hata ikiwa kavu. Na lile daftari lisitupwe. Kila Jumamosi shemeji ananiandikia ndoo ngapi wiki nzima. Wiki ikiandikwa moja, tunaangalia. Ikiandikwa mbili, boti haitoki mpaka tujue ni kwa nini.

Kama una ndugu au jirani anayehangaika na boti Nyumba ya Mungu, Jipe au hata kule Ziwa Victoria, mfikishie haya kabla hajatoa hela ya lami.

Kazi njema, wapambanaji.